Risasi ipi ya kumwinda nguruwe pori kwa mara ya kwanza?

WAKULIMA wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, huanza kuhesabu hasara kabla mahindi hayajakauka. Kundi moja la nguruwe pori likishuka usiku kutoka kwenye vichaka vya makorongoni, asubuhi mwenye shamba hukuta mabua yamelazwa, magunzi yametafunwa nusu nusu na mashimo ya ngoro yamefukuliwa kama vile watu wa kibarua wamepita hapo. Huko chini, katika mwambao wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, kilio ni kile kile, isipokuwa huko kinachofukuliwa zaidi ni mihogo.

Katika mazingira hayo ndimo hujitokeza mtu ambaye hajawahi kuwinda. Mara nyingi ni mtu wa mjini, mwenye ndugu kijijini, mwenye bunduki aliyoimiliki kihalali kwa ajili ya ulinzi wa mali yake, ambaye siku moja anaamua kuomba leseni na kwenda porini. Atauliza habari za bunduki, atauliza habari za gari, viatu na hata chakula cha njiani. Swali la risasi huwa la mwisho, na jibu analolipata dukani huwa fupi: chukua zinazoingia kwenye bunduki yako.

Jibu hilo halitoshi, na gharama yake humwangukia mtu mwingine. Mnyama aliyepigwa kwa risasi isiyomfaa hafi pale pale. Huingia kichakani akiwa na jeraha, na anayekutana naye kesho yake ni mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayechunga mbuzi.

Swali hili haliulizwi Mbinga peke yake. Huko Marekani na Kanada, anayejiandaa kwa windo lake la kwanza la dubu mweusi hupitia mashaka yale yale. Tanzania haina dubu. Wale pekee walioishi Afrika, dubu wa milima ya Atlas huko kaskazini, walitoweka katika karne ya 19. Lakini mtu akitafuta katika misitu ya Ruvuma mnyama anayefanana na dubu mweusi kwa masuala ya risasi, atamwona nguruwe pori: mnyama wa uzito wa kati, mwenye ngozi nene na mafuta, anayeonekana kwa sekunde chache katika kichaka kizito, tena karibu, na anayeweza kumgeukia mwindaji.

Nguruwe pori si ngiri, ingawa wengi mjini huwachanganya. Ngiri hutembea mchana, mkia umesimama wima, na hupenda mbuga zilizo wazi. Nguruwe pori ana manyoya marefu, hutembea zaidi usiku na hujificha katika vichaka vya mabondeni. Mkubwa wake huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 120. Meno yake ya chini ni makali kama kisu, na jike mwenye watoto au dume aliyejeruhiwa hana subira.

Leseni kwanza

Kabla ya risasi kuna sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, mnyamapori hawindwi bila leseni, hata kama ni nguruwe aliyemaliza shamba zima. Usimamizi wa wanyamapori nje ya hifadhi za taifa na eneo la Ngorongoro uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na msimu wa uwindaji huanza Julai, wakati ambapo mahindi mengi ya Mbinga yamekwisha kuvunwa. Kwa hiyo anayetaka kuokoa shamba mwezi Machi hana budi kwenda kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Kusubiri kwa siri na bunduki pembeni mwa shamba si njia ya kisheria.

Sheria hiyo inakataza pia mambo ambayo watu wengi huyaona kuwa ya kawaida: kumulika mnyama kwa taa, kuwinda kwa kutumia gari, mitego, sumu, mbwa, pamoja na bunduki zinazojipakia zenyewe, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Masharti haya yanagusa moja kwa moja uchaguzi wa risasi. Mwindaji halali anabaki na mwanga wa alfajiri na wa jioni, bunduki ya kupakia kwa mkono, na nafasi ya kufyatua risasi moja, pengine mbili. Risasi hiyo moja lazima iwe imechaguliwa vizuri.

Upande wa silaha, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamfunga mnunuzi kwa leseni yake. Mtu hanunui risasi za bunduki asiyoimiliki. Ndiyo maana uchaguzi huanza na kile kilichoandikwa katika kitabu cha leseni na kuchongwa kwenye mtutu, kisha kulinganishwa na maandishi yaliyo katika kitako cha ganda la risasi. Si jambo la kupuuza. Risasi za .308 Winchester na .30-06 Springfield, kwa mfano, zina kichwa chenye kipenyo kile kile, lakini maganda yake yanatofautiana kwa urefu na hayabadilishani. Kulazimisha ganda lisilo lake katika bunduki kunaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Kinachoua ni kichwa

Neno "risasi" katika Kiswahili ni jina la madini kabla ya kuwa jina la silaha. Ni madini yale mazito na laini, rahisi kuyeyushwa, ambayo kwa karne nyingi yalimiminwa kuwa vidonge vya bunduki. Ruvuma ina kumbukumbu chungu ya neno hilo. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wangoni wa Songea walikuwa miongoni mwa waliopewa maji kwa imani kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Miaka michache baadaye, mwezi Agosti 1914, mizinga ya meli ya Waingereza ilisikika Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, pale meli ya Wajerumani iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo iliposhambuliwa, katika moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya vita ile katika maji ya Afrika.

Risasi ya leo ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya manjano. Kuna fataki iliyo kwenye kitako chake, inayogongwa na pini ya bunduki. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, ambacho ndicho kitu pekee kinachotoka kwenda kwa mnyama. Mengi yanayosemwa juu ya "nguvu ya bunduki" yanahusu ganda na baruti. Lakini kinachoamua kama mnyama atakufa kwa haraka au atateseka siku mbili ni umbile la kichwa.

Vichwa hivyo viko katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni vichwa vigumu, vilivyofunikwa kwa gamba la shaba hadi nchani. Hivi havibadiliki umbo vinapoingia mwilini. Hutoboa tundu jembamba na kuendelea na safari. Kundi la pili ni vichwa vya ncha laini, ambavyo gamba lake linaishia kabla ya kufika nchani na kuacha risasi tupu ikionekana, au vina tundu dogo mbele. Vinapogonga nyama hufunguka kama uyoga, vikapanuka hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake, na kuacha nguvu nyingi ndani ya mnyama.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Vichwa vinavyofunguka vilipigwa marufuku vitani na Azimio la The Hague la mwaka 1899, kwa sababu ya majeraha yake makubwa kwa binadamu. Katika uwindaji mambo ni kinyume. Mwanajeshi aliyejeruhiwa hubebwa na kutibiwa, mnyama hana wa kumtibu. Kwa hiyo lililo ukatili kwa mmoja linakuwa huruma kwa mwingine. Ndiyo sababu risasi za kijeshi, ambazo vichwa vyake vimefunikwa kabisa, hazimfai nguruwe pori hata kama kipenyo chake kinatosha. Hutoboa na kupita, naye mnyama akakimbia nusu kilomita ndani ya matete bila kuacha dalili ya kueleweka.

Jibu kwa nguruwe pori, basi, ni kichwa cha ncha laini. Lakini si kila ncha laini.

Uzito kwanza, kasi baadaye

Nguruwe dume ana ngao. Mabegani mwake ngozi na gegedu hushikamana kuwa tabaka nene lililoandaliwa na maumbile kwa ajili ya kupigana na madume wenzake. Kichwa chepesi chenye kasi kubwa mno, cha aina inayotengenezwa kwa ajili ya swala wa mbugani anayepigwa kwa mbali, kinaweza kupasuka vipande kwenye ngao hiyo kabla ya kufika kwenye moyo. Jeraha huonekana la kutisha kwa nje, nalo ndani halina kitu.

Vipimo vya vichwa huandikwa kwenye boksi kwa kizio cha greni; gramu moja ni kama greni 15.4. Kwa bunduki ya .30-06, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906 na kuenea duniani kote kwa wawindaji, kichwa cha greni 180, yaani karibu gramu 11.7, kikitoka kwa mwendo wa kama mita 820 kwa sekunde, hubeba nguvu ya takribani jouli 3,900. Kichwa cha greni 150 cha bunduki hiyo hiyo kina kasi zaidi, na muuzaji atakisifia kwa hilo. Katika makorongo ya Umatengo, ambako mnyama huonekana akiwa mita 30 au 50, kasi ya ziada haina kazi. Chagua kizito.

Kwa .308, greni 165 hadi 180 zinatosha. Kwa 7x57, ile Mauser ya zamani ambayo bado imo katika nyumba za baadhi ya wazee, ni greni 160 hadi 175. Kwa .303 ya Waingereza, greni 174 au 180, ili mradi ziwe za ncha laini na siyo masalia ya kijeshi. Mwenye .375 H&H, iliyotolewa London mwaka 1912, ana nguvu kuliko inayohitajika; hakuna ubaya, isipokuwa kishindo chake begani humfanya mgeni afumbe macho anapofyatua, na aliyefumba macho amekwisha kukosa.

Iko pia bunduki ya shotigani, ambayo ndiyo watu wengi wa mjini wanaimiliki. Hii haina mifereji ndani ya mtutu na kwa kawaida hupiga marisau, vile vidonge vidogo vinavyotawanyika. Marisau ya ndege kwa nguruwe pori ni kumchokoza tu. Ikiwa leseni inaruhusu, risasi moja nzito ya shotigani, yenye uzito wa kama gramu 28, humwangusha nguruwe vizuri ikiwa yuko ndani ya mita 40 au 50. Zaidi ya hapo haifuati mstari wa kuaminika.

Bunduki ndogo ya .22 isizungumzwe kabisa. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi na nguvu isiyofika jouli 200. Ni ya panya na kanga.

Damu isiyoonekana

Kuna jambo linalomuunganisha nguruwe pori na dubu wa Marekani kuliko yote, nalo ni mafuta. Chini ya ngozi ya mnyama wa aina hii kuna tabaka la mafuta ambalo husogea na kuziba tundu la risasi. Juu yake kuna manyoya mazito yanayonyonya damu. Mnyama anaweza kukimbia mita mia akiwa anavuja damu nyingi ndani ya kifua, na ardhini pasionekane hata tone. Mwindaji mgeni hutazama majani, hukuta makavu, na kuamua kwamba amekosa. Hurudi nyumbani. Nguruwe hufia kichakani na kuliwa na fisi, au hafi.

Kwa sababu hiyo wawindaji wengi hutaka risasi itoboe pande mbili, iingie huku na kutokea kule, kwani tundu la kutokea huwa kubwa na la chini zaidi, na ndilo linaloacha alama ya damu. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda kichwa kizito, hasa kile ambacho gamba na kiini chake vimeshikamanishwa ili kisivunjike, au kile cha shaba nyekundu tupu.

Mantiki hiyo ni sahihi katika misitu mikubwa ya Amerika Kaskazini isiyo na watu. Mbinga ni mahali pengine. Wamatengo wamelima miteremko yao mikali kwa karne nzima na zaidi kwa mfumo wa ngoro, mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki ili kuzuia udongo usiporomoke, na mashamba hayo yamepanda hadi karibu na vilele. Hakuna bonde lisilo na mtu upande wa pili. Kichwa cha .30-06 kikirushwa hewani kinaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Kikitoka kwenye mbavu za nguruwe kitakuwa kimepungua kasi, lakini bado kina uwezo wa kuua.

Mwindaji wa Mbinga, kwa hiyo, anataka vitu viwili vinavyopingana: risasi itoke, na isimfikie mtu. Ufumbuzi hauko dukani. Uko katika mahali pa kusimama. Anayepiga akiwa juu ya mteremko, mnyama akiwa chini yake na udongo nyuma ya mnyama, anaweza kutumia kichwa kinachotoboa bila wasiwasi. Anayepiga kwenda juu, mnyama akiwa kwenye ukingo wa kilima na anga nyuma yake, hapaswi kupiga kwa risasi yoyote ile. Mwambaoni tahadhari iongezwe maradufu, kwa kuwa risasi ikigonga mwamba au uso wa maji kwa pembe ndogo huruka tena, na ziwani daima kuna mitumbwi ya wavuvi.

Mahali pa kulenga pia hupotosha wageni. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani, kati ya miguu ya mbele. Mnyama akisimama ubavu, shabaha ni theluthi ya chini ya kifua, sambamba na nyuma ya mguu wa mbele. Manyoya ya mgongoni yanamfanya aonekane mrefu. Anayelenga katikati ya kile anachokiona hupiga juu ya uti wa mgongo.

Nyati si nguruwe mkubwa

Kosa la hatari zaidi hufanyika pale windo la nguruwe linapokutana na kitu kingine. Viboko wapo katika mito inayoingia Ziwa Nyasa, na kusini mwa mkoa, upande wa mpaka wa Msumbiji, liko Pori la Akiba Liparamba. Mtu mwenye leseni ya nguruwe na risasi ya nguruwe, akimkuta nyati, arudi nyuma polepole. Leseni haimruhusu, na risasi haimtoshi.

Nyati dume ana uzito wa kilo 600 au zaidi, na mifupa ya mabega yake inahitaji kichwa kizito kinachokwenda ndani bila kuvunjika. Kwa miaka mingi wawindaji wa Afrika Mashariki wamehesabu .375 yenye kichwa cha greni 300 kuwa ndiyo chini kabisa kwa mnyama huyo. Hata bunduki kubwa imewahi kumwangusha mwenyewe kwa sababu ya risasi mbaya. Mwaka 1959, ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji, Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa vibaya na nyati aliyempiga kwa .458 Winchester Magnum, risasi iliyokuwa imetoka kiwandani miaka mitatu tu kabla. Risasi za .458 za miaka ile zilikuja kulaumiwa kwa baruti iliyoshindiliwa mno ndani ya ganda fupi, ikagandamana na kushindwa kuwaka sawasawa. Lott alipona, na mwaka 1971 alitengeneza ganda refu zaidi linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Wanaobisha huleta mfano wa Walter Bell, Mskochi aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa 7x57, bunduki ambayo mtu wa leo angeiona ni ya swala. Ni kweli. Lakini alitumia vichwa vigumu vya greni 173, alisoma mafuvu ya tembo hadi akajua ubongo ulipo kutoka kila upande, na alikuwa akiwinda karibu kila siku kwa miaka mingi. Mtu anayekwenda porini Jumamosi moja kwa mwaka hana analoweza kujifunza kwa Bell isipokuwa hilo la kujua mwili wa mnyama.

Kuhusu gobole, yale mabunduki ya kienyeji yanayopakiwa kwa mbele kwa baruti na vipande vya chuma, maelezo ni mafupi. Vipande hivyo havina uzito wala umbo maalumu, havina uelekeo, na huacha nyuma wanyama wengi waliojeruhiwa. Gobole lisilosajiliwa ni kosa la jinai, na kwa upande wa mnyama ni adhabu.

Boksi moja halitoshi

Mgeni akishachagua, anunue za aina moja, kiwanda kimoja na uzito mmoja, kwa idadi ambayo leseni yake inaruhusu. Kila aina ya risasi hupiga mahali pake hata katika bunduki ile ile. Ile iliyolenga katikati ya karatasi kwa greni 150 inaweza kupiga sentimita kadhaa kando kwa greni 180. Mwenye kubadili risasi bila kurekebisha upya kilengeo amebadili bunduki bila kujua. Mnunuzi wa Tanzania hana rafu ndefu ya kuchagua kama mwenzake wa Marekani, na pengine mwaka ujao aina ile haitapatikana tena. Hapo inabidi kulenga upya kuanzia mwanzo, hata kama ni gharama.

Majaribio hufanywa mahali panaporuhusiwa, kwa shabaha iliyo umbali wa mita 50 kisha 100, na kwa mkao ule ule utakaotumika porini. Risasi kumi zilizoteketezwa katika karatasi huonekana hasara kwa mtu aliyezinunua kwa bei ya leo. Ni nafuu kuliko kumtafuta nguruwe aliyejeruhiwa katika korongo jioni.

Utunzaji nao una nafasi yake. Mwambao wa Nyasa uko chini ya mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, ni wa joto na unyevu, ilhali Mbinga mjini na milima yake ni baridi kali mwezi Juni na Julai. Risasi zinazopandishwa na kushushwa kati ya sehemu hizo mbili, zikiwa katika mkoba wa ngozi au mfukoni mwenye jasho, hutoka kutu ya kijani kwenye shaba. Zikae katika boksi kavu lililofungwa, mbali na bunduki, chini ya ufunguo. Zenye ganda lililobonyea, kichwa kinachochezacheza au madoa ya kutu zisitumiwe. Na ikitokea fataki imegongwa bila mlio, mtutu uendelee kuelekezwa ardhini mahali salama kwa nusu dakika na zaidi kabla ya kufungua, kwa kuwa baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa.

Nyama na mabaki

Baada ya mlio, aliyepiga apakie tena mara moja na kubaki alipo. Mnyama akiingia kichakani asifuatwe kabla ya nusu saa kupita, na asifuatwe na mtu mmoja. Sheria inamtaka aliyejeruhi mnyama afanye kila jitihada kummaliza. Akishindwa, taarifa iende kwa ofisa wanyamapori siku hiyo hiyo ili wanakijiji wajue.

Nyama iliyo jirani na tundu la risasi ikatwe na kutupwa, angalau upana wa kiganja kila upande. Kichwa cha ncha laini kinapofunguka huacha chembe ndogo za madini ya risasi zisizoonekana kwa macho, nazo huenda mbali kuliko jeraha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto na wajawazito. Familia inayokula nyama ya porini mara kwa mara ina sababu ya kutafuta vichwa vya shaba nyekundu, japokuwa ni ghali na ni adimu.

Jambo la mwisho linawahusu wafugaji. Mbinga ni wilaya ya nguruwe wa kufugwa, na karibu kila kaya ya mlimani ina banda. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa. Haumdhuru binadamu na hauna tiba; ukiingia bandani humaliza wote. Kwa hiyo utumbo, ngozi na damu ya mnyama aliyewindwa vifukiwe huko huko porini, visu na viatu vioshwe kabla ya kuingia kijijini, na makombo ya nyama hiyo yasipelekwe bandani hata kama nguruwe wa nyumbani wana njaa.

Maganda matupu yaokotwe na kuhesabiwa pamoja na risasi zilizosalia, kwa kuwa polisi wanaweza kuuliza hesabu hiyo wakati leseni inapokwenda kuhuishwa.